Askari Kando ya Kitanda

Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya alitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Kifungu chenyewe kilikuwa sentensi moja tu: yeyote anayejaribu kujiua ametenda kosa. Adhabu yake ilifika kifungo cha miaka miwili, au faini, au vyote viwili. Mtu aliyeokolewa na majirani usiku wa manane, akakimbizwa hospitali akiwa hajitambui, angeweza kufumbua macho asubuhi akamkuta askari ameketi kando ya kitanda, akisubiri daktari aseme kama mgonjwa yuko tayari kupelekwa kituoni.

Sheria hiyo haikutungwa na wazee wa Gusii wala wa Pwani. Asili yake ni Uingereza ya kale, ambako aliyejiua alihesabiwa kuwa amemkosea Mungu na mfalme kwa pamoja: mali yake ilitaifishwa, na maiti yake ikazikwa njia panda badala ya makaburi ya kanisa. Waingereza walipoiandikia India kanuni ya adhabu mwaka 1860, kosa la kujaribu kujiua liliingizwa humo, na kanuni hiyo ndiyo iliyotumika Kenya katika miongo ya mwanzo ya ukoloni. Mwaka 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zilipewa kanuni mpya za mtindo mmoja. Chimbuko lake lilikuwa mswada wa Jaji Samuel Griffith wa Queensland, Australia, uliokuwa umeshapitia Nigeria na Cyprus kabla ya kutua Afrika Mashariki. Kosa hilo nalo likaja.

Mwaka 1961 Bunge la Uingereza lililifuta kosa hilo kwa ajili ya Uingereza na Wales. Kenya ilikuwa bado koloni wakati huo, na huku halikuguswa. Uhuru ulipokuja miaka miwili baadaye, bendera ilibadilishwa, wimbo ukabadilishwa, magavana wakaondoka. Kifungu cha 226 kikabaki mahali pake kwa zaidi ya miaka 60.

Lakini sheria ya jinai ni nusu tu ya historia hii. Nusu ya pili iko kando ya barabara ya Thika, jirani na Muthaiga, katika hospitali ya Mathari, Nairobi. Ilifunguliwa mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui. Nia ya kwanza ilikuwa kuwatenga watu, na kuwaponya kulikuja baadaye. Mwaka 1924 ikapewa jina la Mathari. Ndani yake Wazungu, Wahindi na Waafrika walilazwa mbalimbali, na tofauti ya rangi ilionekana katika nafasi, chakula na vitanda. Mwafrika aliyefikishwa pale kwa kawaida alikuwa amepitia kwanza mikononi mwa chifu, polisi au hakimu. Aliingia hospitali kupitia mlango wa dola.

Kuanzia mwaka 1938 msimamizi wa Mathari alikuwa John Colin Carothers, daktari wa serikali ambaye wakati huo hakuwa na mafunzo ya magonjwa ya akili. Pamoja na hospitali, alikabidhiwa pia wafungwa wa gereza la Nairobi. Mtu mmoja, funguo za pande zote mbili! Kutokana na wagonjwa aliowaona Mathari alijenga nadharia kuhusu akili ya Mwafrika, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likaichapisha kama kitabu. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba Waafrika hawapatwi sana na sonona, na kwamba kujiua kwao ni nadra, kwa kuwa, kwa maoni yake, hawabebi lawama na majukumu binafsi kama Mzungu.

Hoja hiyo iliwaumiza watu wengi kwa miaka mingi. Kasoro yake ilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuiona. Walioletwa Mathari ni wale waliovunja vyombo, waliopiga kelele sokoni, waliomtisha mwajiri. Mama aliyejifungia chumbani wiki nzima, asiyekula, asiyesema, hakuna chifu aliyehangaika kumsafirisha hadi Nairobi. Huzuni ya kimya haikuingia kwenye daftari la hospitali, na daktari aliyesoma daftari akahitimisha kwamba haipo.

Mwaka 1960 majibu yalitoka pande mbili. Paul Bohannan alihariri kitabu kuhusu mauaji na kujiua barani Afrika, chenye sura juu ya Waluhya na Wajaluo wa Kenya, na Wasoga, Wagisu, Wanyoro na Waalur wa Uganda. Kurasa zake zilionyesha kwamba kujiua kulijulikana vijijini na kulikuwa na sababu ambazo wanajamii wenyewe walizieleza: aibu, ugomvi wa ndoa, maradhi yasiyopona, kufiwa. Ghana nako, Margaret Field alichapisha matokeo ya kazi yake kwenye mahekalu ya waganga. Alikuwa amewakuta wanawake wengi wa kijijini wenye sonona nzito. Hawakuwa hospitalini kwa sababu walikuwa wamekwenda kutafuta msaada kwa mganga.

Sheria ya afya ya akili nayo ilikuwa inasogea, polepole. Ile ya mwaka 1989 iliweka tofauti iliyo muhimu mpaka leo. Mgonjwa aliyejipeleka mwenyewe angeweza kuomba kuondoka kwa kutoa taarifa ya saa 72. Aliyelazwa bila hiari yake angeweza kushikiliwa hadi miezi sita, na muda huo kuongezwa. Polisi walipewa mamlaka ya kumchukua mtu aliye hatari kwa nafsi yake au kwa wengine, wakatakiwa kumfikisha kwa wahudumu wa afya ndani ya saa 24. Kwa hiyo kwa zaidi ya miongo mitatu mtu mmoja, kwa tendo lilelile, aliweza kuwa mgonjwa kwa sheria moja na mshtakiwa kwa sheria nyingine. Uamuzi wa apelekwe wapi ulimwangukia ofisa wa zamu.

Kushikiliwa hospitalini si jambo baya lenyewe. Kilele cha hamu ya kufa mara nyingi hupita, na utafiti wa nchi nyingi umeonyesha kwamba wengi wa walionusurika hawafi baadaye kwa kujiua. Siku chache za kulindwa, kuondolewa vitu vya hatari, kupewa dawa ifaayo na kusikilizwa na muuguzi asiye na haraka zinaweza kumvusha mtu. Shida ni pale ulinzi unapobaki kuwa kufuli tu. Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka Mathari kwa pamoja, na nchi nzima ikalazimika kuuliza ni hali gani iliyokuwa ndani ya kuta zile.

Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na daktari Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mwaka 2022 sheria ya 1989 ikarekebishwa: mgonjwa akatambuliwa kuwa na haki ya kuridhia matibabu na kushiriki katika kuyapanga, na serikali za kaunti zikapewa wajibu wa kutoa huduma hizo, ili safari zote zisiishie Nairobi. Kesi dhidi ya kifungu cha 226 nayo ilifunguliwa, na miongoni mwa walioipeleka mahakamani ni Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Jaji Mugambi alikubaliana nao kwamba kumwadhibu mtu kwa sababu ya maradhi yake ni kumbagua, ni kumvunjia utu, na ni kumzuia kutafuta tiba, kwa kuwa familia inayoogopa polisi huficha mgonjwa.

Hukumu hiyo haikufuta mamlaka ya kumlaza mtu bila ridhaa yake pale uhai wake unapokuwa hatarini. Daktari bado anaweza kumzuia asiondoke wodini. Kilichoondoka ni shtaka lililokuwa likimngoja nje ya mlango, na pamoja nalo sababu ya ndugu kumdanganya daktari kwamba ilikuwa ajali.