Majina ya kuunganisha: fumbo ndani ya masimulizi ya Mwindo

Watu wengi wa Walikale na Masisi wamekwisha kusikia hadithi ya Mwindo. Ila ni wachache wanaosimama kidogo juu ya majina yaliyo ndani yake. Majina hayo ni kama fumbo: maneno mafupi yamefungwa pamoja yakawa jina moja refu, na anayesikia ndiye anayepaswa kulifungua. Tunataka kuonyesha hapa namna fumbo hilo linavyotengenezwa, na kwa sababu gani tusiliache lipotee.

Kwanza historia. Mwaka 1956, Candi Rureke, msimulizi Munyanga, alimtolea Mbelgiji Daniel Biebuyck masimulizi hayo kwa muda wa siku 12, akiimba, akicheza na kusema. Yaliandikwa kwa mkono. Mwaka 1969 Biebuyck na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha na mtoto wa Banyanga, waliyatoa katika kitabu huko Marekani, kwa Kinyanga na Kiingereza. Msimulizi wa namna ile anaitwa She-karisi, na hapo hapo fumbo limekwisha kuanza. She- ni baba ao mwenyewe. Karisi ni masimulizi hayo, tena ni jina la roho inayoyasimamia. Ukiunganisha, unapata mwenye karisi.

Tuendelee. She- ni baba, nya- ni mama. Mwami wa Tubondo anaitwa Shemwindo, maana yake baba ya Mwindo. Mke wake mpenzi ni Nyamwindo, mama ya Mwindo. Sasa msomaji aangalie vizuri. Mwami huyo aliwaambia wake zake saba kwamba hataki mtoto mwanaume, na akizaliwa atauawa. Lakini msimulizi anamwita Shemwindo toka mwanzo, mbele ya Mwindo kuzaliwa! Mtoto anayekataliwa anakaa tayari ndani ya jina la baba yake. Anayejua kufungua jina amekwisha kujua nani atashinda. Asiyejua anasikia sauti tu.

Mwindo naye alizaliwa akitembea na kusema, akajiita Kabutwa-kenda. Kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili cha Kivu, fumbo hili si gumu sana. Ka- ni ile ya katoto. Butwa ni kuzaliwa. Kenda iko karibu na kwenda. Yaani: kadogo kamezaliwa sasa hivi, kakatembea. Habari yote ya kuzaliwa kwake imeingia katika maneno mawili.

Lakini kujua vipande peke yake haitoshi. Nyamurairi, mkubwa wa inchi ya wafu, ni mwanaume, baba ya binti Kahindo, ingawa jina lake linaanza na nya-. Anayekimbilia kulifungua bila kujua hadithi atamfanya kuwa mama ya mtu. Fumbo na hadithi vinatembea pamoja.

Tena, Banyanga si peke yao. Kinyarwanda, kinachosemwa na wengi katika Masisi, kina se- kwa baba na nyira- kwa mama. Katika Kiswahili tunasema Baba Furaha, Mama Furaha. Ni fundo lile lile, ila hatukulikaza.

Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya kikristo, watu wakashika yale ya mababu. Makarani waliyaandika, lakini karani haandiki maana. Halafu vita vya mwaka 1993, vilivyoanzia Ntoto katika Walikale na kuenea Masisi, na vile vilivyofuata, vimekimbiza jamaa nyingi mara kwa mara. Kambini mtoto anabeba jina lake, lakini babu wa kumfungulia hayuko. Jina linabaki mstari kwenye liste ya chakula. Na mbaya zaidi, watu wanalisikiliza ili kujua tu huyu ni wa kabila gani.

Ndiyo maana tunaomba walimu wenzetu jambo dogo. Andikeni vipande kwenye ubao: she-, nya-, se-, nyira-, ka-. Wanafunzi waunganishe, kisha warudi nyumbani kuuliza jina lao lina vipande gani, na hadithi gani. Mtoto aliyekwisha kufungua jina la jirani yake darasani amekwisha kuona kwamba mafundo ni yale yale.