Njaa ya Mpagazi

Mtu anayekimbia kila alfajiri anaijua njaa moja ambayo mchana haionekani. Inakuja saa nne au saa tano usiku, watu wameshakula na vyombo vimeshaoshwa. Haitaki mchicha. Inataka kitu kitamu, chenye mafuta, na inakitaka sasa hivi. Hapa Msanzi, wilayani Kalambo, naisikia kila siku niliyokimbia, na nimezoea kusikia watu wakiiita tamaa. Neno hilo ndilo lililonirudisha kwenye historia, kwa sababu Ufipa ni nchi ya watu waliotumia miili yao kwa kazi ngumu tangu zamani.

Wakulima wa hapa walifukia majani chini ya udongo, wakayafunika kwa matuta ya mviringo, yakaoza kuwa mbolea ya ulezi wa msimu uliofuata. Ni kazi ya jembe la mkono, ekari baada ya ekari. Wahunzi walijenga tanuri za udongo zilizompita mtu kimo, wakayeyusha chuma moto ukiwaka mchana na usiku. Lakini kazi hizo zilikuwa na desturi yake: aliyeita watu kumlimia alijua atawaandalia pombe ya ulezi na chakula. Kazi na shibe vilipangwa pamoja.

Vita Kuu ya Kwanza ilivunja mpango huo. Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa boma la Wajerumani likiitwa Bismarckburg, na Waingereza waliliteka Juni 1916. Ng'ambo ya mpaka, Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, ndiko Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alikosalimu amri tarehe 25 Novemba 1918. Katikati ya miaka hiyo, pande zote mbili zilihitaji watu wa kubeba. Mbung'o waliua wanyama, njia za magari zilikuwa chache, basi mzigo ukawekwa kichwani mwa mwanadamu.

Hebu tupige hesabu. Mpagazi amebeba kilo 25 za unga. Akila kilo moja kwa siku, mzigo wote unaisha siku ya 25, na hajampa askari hata kijiko. Akitakiwa aende na kurudi, siku ya 13 hana tena cha kufikisha. Aliyepanga safari alikuwa na njia moja rahisi ya kuifanya hesabu ikubali: kupunguza posho ya mbebaji. Tena wengi waliozoea ulezi au ndizi walipewa unga wa mahindi, wakaupika haraka kwa kuni chache baada ya kutwa nzima ya kutembea. Ugali ambao haukuiva uliwaharibu matumbo. Makumi ya maelfu walikufa, na maradhi yaliua wengi kuliko risasi. Jina la kikosi chao cha upande wa Waingereza, Carrier Corps, tunalitamka hadi leo tunapokwenda sokoni Kariakoo, Dar es Salaam.

Njaa ya watu wale usiku haikupimwa na yeyote. Iliyopimwa ni ya wengine. Kuanzia Novemba 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys aliwachukua vijana 36 waliojitolea, akawalisha kwa miezi sita takriban kalori 1,570 kwa siku huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 kila wiki. Walikuwa watu wenye nidhamu, waliokubali wenyewe. Hata hivyo walianza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi na kuzungumza vyakula tu. Waliporudishiwa sahani zilizojaa, wengine walikula hadi tumbo likauma na bado wakasema wana njaa.

Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walionyesha jambo jingine: saa ya ndani ya mwili hupunguza njaa kufikia saa mbili asubuhi na kuipandisha kufikia saa mbili usiku, hata milo ikigawanywa sawasawa. Ongeza hapo misuli iliyotumia akiba yake ya sukari alfajiri, na mtu aliyekunywa chai kavu akashinda hivyo hadi jioni. Usiku mwili unakuja kudai deni lake.

Ndiyo maana sikubali neno tamaa. Tamaa ni ya anayetaka kisicho chake. Mkimbiaji anayeamka usiku kutafuta karanga, mwanamke aliyeshika jembe tangu jua kuchomoza, kijana wa kupakua magunia, wote wanadai walichokitumia. Dawa yake wazee wa Ufipa waliijua kabla ya maabara yoyote: anayepanga kazi apange na chakula, tena mapema, jua likiwa bado juu. Ugali na maharage saa saba mchana humnyamazisha mdai wa saa tano usiku. Wapagazi walinyimwa nafasi hiyo. Sisi tunaojichagulia wenyewe kukimbia tunayo.