Kuinua si Kuinamisha: Historia Fupi ya Istilahi za Mguu wa Motaboti

Istilahi hufuata kitu. Lakini kitu kikibadilika, istilahi nayo haina budi kutazamwa upya. Mfano mzuri ni mtambo wa motaboti ambao injini yake hukaa ndani ya chombo, penye tezi, na mguu wenye rafadha hukaa nje.

Mtambo wa namna hiyo uliingizwa sokoni mwaka 1959 na kampuni ya Volvo Penta ya Uswidi kwa jina la Aquamatic, kutokana na wazo la mhandisi Mmarekani, Jim Wynne. Mwaka 1961 ukafuata MerCruiser wa Marekani. Faida moja ya mguu huo ilikuwa kwamba uliweza kupanda juu chombo kifikapo kwenye maji haba. Baadaye kazi ya kuupandisha ilikabidhiwa bomba la haidroliki liendeshwalo na mota ya umeme, lisukumalo mafuta kwenye silinda.

Hapo ndipo kazi moja ilipozaa mbili. Ya kwanza ni kubadili kidogo pembe ya mguu wakati chombo kinakwenda, ili omo ipande au ishuke. Ya pili ni kuuinua mguu hadi juu kabisa, kama vile chombo kinapopakiwa kwenye trela.

Kiingereza huitaja kazi ya pili kwa kitenzi ambacho aghalabu hufasiriwa "kuinamisha", na ya kwanza kwa kitenzi kitumikacho pia kwa kupunguza nywele. Mfasiri afuataye kamusi pekee ataandika "inamisha mguu", na fundi ataushusha pale alipotakiwa kuupandisha.

Kosa hilo huonekana wazi zaidi katika kutafuta hitilafu. Mitambo mingi ina swichi ya kikomo, izuiayo mguu usipande kupita kiasi wakati chombo kinakwenda. Kitufe cha trela hakipiti kwenye swichi hiyo. Iwapo kitufe cha kawaida hakipandishi mguu, lakini cha trela kinaupandisha, basi mota na bomba ni vizima. Kinachofaa kukaguliwa kwanza ni swichi ya kikomo na nyaya zake. Kitabu kinachosema tu "mguu hauinuki" kwa hali zote mbili kitamfanya fundi afungue bomba lisilo na kosa, na mwenye chombo alipie asichohitaji.

Kwa hiyo tunapendekeza "kurekebisha mwinamo" kwa kazi ya kwanza na "kuinua mguu" kwa kazi ya pili. Mabaharia wetu walipokea "bomba" na "parafujo" kutoka Kireno, na "usukani" kutoka Kiarabu, wakayapa maneno hayo kazi zilizo wazi. Nasi tuanze kwa kuuliza kitu kinafanya nini, ndipo tufungue kamusi.