Paswadi Aliyochagua Mwenye Saiba

Zamani, barua ya kwenda Homa Bay ilipitia sanduku la posta la shule au la kanisa. Wachache walikuwa na sanduku lao. Mwalimu mkuu ndiye aliyeishika bahasha yako kwanza, na siri yako ilikaa kwa mtu unayemwamini.

Machi 2007 M-Pesa ikaja. Mama anayeuza omena Mbita au Sori akapewa siri yake peke yake, tarakimu nne. Wengi walifanyaje? Walimpa wakala simu na PIN pamoja: "Nyathina, nitolee elfu mbili." Mimi siuiti ujinga. Ni desturi ile ile ya sanduku la shule, imehamia kaunta.

Halafu saiba. KRA ilipopeleka kodi kwenye iTax, eCitizen ikaja, na mikopo ya HELB ikawa ya kuombwa mtandaoni, kijana wa Migori aliyetoka Form Four alihitaji baruapepe kabla hajajua ni ya nini. Mhudumu akamfungulia. Paswadi akachagua yeye, jina lako na 123, akaiandika kwenye kitabu cha kaunta. Namba ya simu ya kurejesha akaunti? Mara nyingine aliweka yake, ili kazi iishe haraka, foleni ni ndefu.

Hapo ndipo kuna shida. Anayeingia kwenye baruapepe yako anaweza kuomba paswadi mpya ya Facebook, ya iTax, ya karibu kila kitu, bila kujua ile ya zamani. Na mhudumu anaweza kuwa mtu safi kabisa. Saiba hufungwa, kompyuta huuzwa, kitabu hubaki mezani kwa mwingine.

Bunge lilipitisha sheria ya uhalifu wa mitandao 2018, na ya kulinda data 2019. Sawa. Lakini ule ushauri wa "usimwambie mtu yeyote" uliandikiwa mtu mwenye kompyuta yake chumbani, na wengi wetu tulianzia kwa mashine ya shilingi moja kwa dakika.

Kama akaunti yako ilizaliwa saiba, ifungue leo kwa simu yako. Angalia kwanza namba ya kurejesha ni ya nani, uweke yako. Badilisha paswadi, iwe ndefu, usiitumie kwingine. Ondoa vifaa vyote usivyovijua, washa uthibitisho wa hatua mbili. Kisha chukua simu ya mama, umwelekeze, na ugeuze uso anapoandika PIN mpya.