Kopo na Mpagazi: Chakula cha Makopo katika Nchi ya Rufiji, 1914–1917

Neno kopo lilikuwamo katika Kiswahili kabla ya kuwako chakula cha makopo. Asili yake ni copo la Kireno, yaani chombo cha kunywea. Chombo cha bati kilichorithi jina hilo kilizuka Ulaya mwanzoni mwa karne ya 19, na haja iliyokihimiza ilikuwa vita.

Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimtuza Nicolas Appert faranga 12,000 kwa kutangaza njia yake: chakula hutiwa chupani, chupa huzibwa barabara, kisha huchemshwa majini. Mwaka huo huo Peter Durand alipata Uingereza hati ya uvumbuzi iliyotaja vyombo vya bati. Na kufikia mwaka 1813 kiwanda cha Bryan Donkin na wenzake, mjini London, kilikuwa kikitengeneza nyama ya makopo kwa ajili ya majeshi. Sababu ya chakula hicho kutooza haikufahamika mpaka Louis Pasteur alipoeleza kazi ya vijidudu, yapata nusu karne baadaye.

Wakazi wa delta ya Rufiji na wa nchi ya Kibiti walikuwa na elimu yao ya kushinda uozo. Samaki walipasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa wawe ng'onda, au walibanikwa motoni. Tofauti ya njia hizi mbili si ndogo. Ng'onda huondolewa maji, akawa mwepesi. Kopo huyafungia maji ndani, kisha huongeza uzito wa bati. Melini tofauti hiyo haina taabu. Kichwani pa mtu ni jambo kubwa.

Vita Kuu ya Kwanza iliidhihirisha. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika mikoko ya delta tangu mwaka 1914, hata mabaharia wake wakaizamisha tarehe 11 Julai 1915. Mapema mwaka 1917 majeshi ya Waingereza yalifika Rufiji. Mvua kubwa zikaharibu njia, posho ikapunguzwa, na njaa ikawashika askari na wapagazi. Nyama ya kopo na biskuti ngumu vilikuwa posho ya Mzungu. Mpagazi alipewa nafaka. Tena hesabu ilikuwa kali: mpagazi wa mzigo wa ratili 50, akila ratili 2 kila siku, atakuwa ameumaliza mzigo wake kwa siku 25, wala hajarudi alikotoka.

Basi kopo lilishinda uozo, halikushinda njia. Vifo vya wapagazi wa upande wa Waingereza hukadiriwa kupita 90,000, wengi wao kwa maradhi. Baada ya Vita Kuu ya Pili kiwanda cha Tanganyika Packers, huko Kawe, kilitia nyama ya ng'ombe makoponi, na jina lake likaandikwa juu ya kopo. Wale waliobeba posho ya vita waliandikwa katika lugha: jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, ndilo lililobaki Dar es Salaam kwa matamshi ya Kiswahili, Kariakoo.