Pishi na Vibaba Vyake

Katika miaka yangu ya kazi nimeitwa majina mengi, lakini moja lilidumu kuliko yote: "mwalimu wa UPE". Herufi hizo tatu zilitokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya elimu ya msingi kwa wote. Watu wa mitaani walizigeuza, wakasema maana yake ni "Ualimu Pasipo Elimu". Dhihaka ile iliniuma kwa muda mrefu. Sasa nimestaafu, na naona inafaa nieleze sisi tulikuwa akina nani, tulitoka wapi, na tulifundishaje.

Nilizaliwa mwaka 1958 katika wilaya ya Handeni. Nilianza darasa la kwanza mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha na wa kijitabu cha Mwalimu Nyerere juu ya Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1973 nikamaliza darasa la saba. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, nami sikuchaguliwa. Nikarudi kwa baba kushika jembe, cheti changu nikakiweka sandukuni.

Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Kabla ya hapo mpango ulikuwa kwamba kila mtoto wa umri wa kwenda shule apate nafasi ifikapo mwaka 1989. Mkutano ule ukaamua jambo hilo litimizwe mwaka 1977. Ada ya shule za msingi ilikuwa imekwisha kufutwa mwaka 1973, na Operesheni Vijiji ilikuwa ikiwakusanya watu mahali pamoja, kwa hiari au kwa kusukumwa. Watoto wakawa karibu na shule. Walimu ndio hawakuwapo, na vyuo vilivyokuwepo visingeweza kuwatoa kwa muda ule.

Ndipo wakatafutwa vijana kama mimi, waliomaliza darasa la saba, wafundishwe ualimu huko huko vijijini. Sehemu ya juma tulisimama darasani, na sehemu iliyobaki tulikaa kwenye madawati kufundishwa na mwalimu mzoefu, kusoma masomo yaliyoletwa kwa maandishi na kusikiliza vipindi vya redio. Mwishoni tulipelekwa chuoni kwa majuma machache. Kwa njia hiyo walipatikana walimu zaidi ya 30,000 katika miaka michache. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa kiasi cha milioni 1.2 mwaka 1974, walikaribia milioni 3 mwaka 1978.

Mimi niliingia mwaka 1976, nikiwa na miaka kumi na minane. Darasa langu la kwanza lilikuwa chini ya mwembe, watoto zaidi ya themanini. Wengi walijua Kizigua tu, kwa hiyo majuma ya mwanzo niliwafundisha kusalimu, kuomba ruhusa na kutaja vitu kwa Kiswahili. Herufi waliandika mchangani kwa vidole. Kuhesabu tulitumia visoda na vijiti. Na fimbo, nikiri, ilikuwa karibu. Sikufundishwa hivyo na mkufunzi. Nilifundisha kama nilivyofundishwa nilipokuwa mtoto. Mwalimu asiye na elimu ya kutosha huazima alichokiona.

Mwaka 1978 nilipewa hesabu za darasa la nne. Siku moja niliandika ubaoni nusu ujumlishe na robo. Nikajumlisha namba za juu, nikajumlisha za chini, nikapata mbili ya sita. Darasa zima likanakili. Akasimama binti mmoja ambaye mama yake alikuwa akiuza mahindi, akasema, "Shikamoo mwalimu. Nusu pishi ni vibaba viwili. Robo ni kibaba kimoja. Jumla vibaba vitatu. Pishi ni vibaba vinne. Sasa mbona hapo ubaoni imepungua?"

Nilimwambia akae. Nilisema hesabu za shule si za sokoni. Hakubisha, alikaa, akaandika nilichoandika mimi.

Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda kwa mkufunzi wetu, mzee aliyesomea ualimu enzi za mkoloni, nikamweleza. Akanionyesha kosa kwa dakika tano. Kisha akasema, "Kuuliza si ujinga, mwanangu. Lakini hukuniuliza mimi tu. Ulimnyamazisha aliyekuuliza wewe. Rudi ukaseme." Mwalimu mwenzangu mmoja alinishauri nisithubutu, maana watoto wakijua mwalimu hukosea, heshima imekwisha. Nilirudi. Nilimwita yule binti mbele, nikaazima pishi na kibaba, tukapima mahindi watoto wote wakiona. Nikafuta ubao.

Tangu siku ile nilibadili njia. Kila hesabu mpya niliianza na kitu kinachoshikika, kisha ndipo namba. Nisilolijua nilisema silijui, tukalitafuta. Baadaye nilijiendeleza, nikapanda daraja. Mwaka 2002, ada ilipokuwa imefutwa tena na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ukaanza, na tena mwaka 2016 elimu ilipotolewa bila malipo, niliona madarasa yakifurika kama zamani. Vijana waliotoka vyuoni na vyeti vizuri walinijia wakiuliza watafanyaje na watoto mia na zaidi. Niliwasimulia habari ya pishi.

Kwa hiyo dhihaka ile ilikuwa na ukweli nusu. Elimu yetu ilikuwa fupi, na wapo watoto waliolipa gharama ya ufupi huo. Sijui ni wangapi walinakili makosa yangu ambayo hakuna aliyesimama kuyauliza. Lakini bila sisi wengi wao wasingekuwa na mtu yeyote mbele yao. Mambo yote mawili ni kweli, na mwenye kuandika historia ya shule zetu asichague moja.

Mwaka niliostaafu nilikutana na yule binti sokoni. Ni mama wa makamo, anauza nafaka. Nilimkumbusha siku ya pishi na vibaba, nikamwambia jinsi alivyonifundisha kazi. Akacheka, akasema haikumbuki.

"Mimi mwalimu nakumbuka fimbo zako," akasema. Kisha akanipimia mchele, akaongeza kidogo juu ya pishi, akakataa fedha yangu.