Jengo kubwa lisilotoa kaboni: hesabu yaanzia kwenye tofali

Jengo lisilotoa kaboni ni lile ambalo, kwa mwaka mzima, nishati linayotumia haizidi ile safi linayozalisha. Mfano wa karibu uko Gigiri, Nairobi: ofisi za UNEP na UN-Habitat, zilizofunguliwa 2011 kwa wafanyakazi wapatao 1,200. Paa lina mita za mraba 6,000 za paneli za sola, lakini kazi kubwa inafanywa na kumbi za katikati, ambazo huingiza mwanga na kupandisha hewa ya moto itoke juu. Hapana kiyoyozi cha jengo zima. (Wazee wetu wa Lamu walipata upepo huo kwa ua wa ndani.)

Kenyenya, kwenye vilima vya Kisii, joto si tatizo. Tatizo ni tofali. Huchomwa kwa kuni siku kadhaa, hivyo shule ya ghorofa hudaiwa kaboni kabla ya kuwashwa taa ya kwanza. Tofali la udongo lililoshindiliwa kwa mashine, na saruji kidogo, halitaki tanuri. Hukaa kivulini likinyunyiziwa maji. Ila mvua za huko ni nyingi: msingi uwe wa mawe, na paa litokeze mbele ya ukuta.